Bi Ngazi na Shule ya Dada Yake

Kwenye taasisi ya utafiti wa elimu, ghorofa ya tatu, yupo mwanamke ambaye hata mhasibu hakumbuki jina lake halisi mpaka afungue faili. Wote wanamwita Bi Ngazi. Siku moja fundi aliyekuja kutengeneza lifti alielekezwa na mlinzi moja kwa moja hadi mezani kwake. Akasimama na begi lake la vifaa, akasema, "Nimeambiwa wewe ndiye mhusika wa ngazi."

"Ndimi," akajibu. "Ila zangu hazipandwi."

Fundi akakuna kichwa, akashuka zake. Lifti haijapona mpaka leo.

Jina hilo lilitokana na kazi. Bi Ngazi ni mtaalamu wa takwimu, na ndani ya takwimu ana kipande anachokipenda kuliko vyote: data zenye ngazi. Mtoto yuko ndani ya darasa, darasa liko ndani ya shule, shule iko ndani ya wilaya. Wapo watafiti wanaowachota watoto wote, wanawamwaga kwenye kapu moja, wanapiga wastani, kisha wanakwenda zao kunywa chai. Yeye hapana. "Watoto wa darasa moja wana mwalimu mmoja, ubao mmoja na dirisha moja linaloingiza vumbi," husema. "Huwezi kuwahesabu kana kwamba hawajawahi kuonana." Na kwa asiyeelewa bado ana mfano wa jikoni. Ukiwauliza watu kumi wa nyumba moja kama mboga ilizidi chumvi, usijidanganye kwamba umepata mashahidi kumi. Umeuliza sufuria moja mara kumi.

Hakuzaliwa na mapenzi hayo. Alikuwa kitindamimba wa seremala na muuza vitambaa, na kwa kuwa wazazi walikuwa mbioni kutwa, kusoma alifundishwa na dada yake mkubwa, mwenyewe akiwa bado msichana wa sare, aliyecheza mwalimu kwa ukali ambao walimu wa kweli wangeuonea haya. Chuoni aliomba uhandisi, akakosa nafasi, wakamtupa kwenye takwimu. Mwaka mzima alilala kwenye mihadhara. Aliamka likizo moja alipopata kibarua cha kuhoji watu nyumba kwa nyumba. Kwenye nyumba moja ya wapangaji kila chumba kilimjibu sawasawa, neno kwa neno, kwamba maji ya bomba ni safi na salama. Alipouliza imekuwaje wote wana fikra moja, mpangaji wa mwisho akamnong'oneza, "Mke wa mwenye nyumba amekaa pale barazani, anasikia." Akarudi chuoni na swali: majibu ya nyumba ile ni majibu mangapi? Mhadhiri wake alicheka mpaka akavua miwani, akamjaza vitabu vizito kwapani, na tangu hapo hakulala tena.

Dada naye alikua akawa mwalimu kweli, na baadaye mwalimu mkuu wa shule ndogo ya msingi, madarasa machache yaliyozunguka uwanja wa changarawe. Ukali wake haukupungua, ila ulipata ofisi.

Yaliyotokea kati ya hawa wawili yalianza Bi Ngazi akiwa kwenye likizo ya uzazi. Taasisi ilikuwa imemaliza utafiti mkubwa wa kusoma. Watoto wa shule nyingi walipewa hadithi fupi waisome kwa sauti, wasaili wakasikiliza na kuweka alama. Mkurugenzi, mtu mchangamfu asiyeweza kumwambia mwandishi wa habari "rudi kesho", akatoa wastani wa kila shule kabla uchambuzi haujafanywa. Magazeti yakazipanga shule kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Juu kabisa, kwa herufi nene, ikakaa shule ya Dada.

Dada alinunua nakala kila kibanda alichopita. Akakata ukurasa ule, akaubandika kwenye kioo cha kabati la vyombo, ikawa huwezi tena kuona glasi zilizomo. Wazazi wa wanafunzi wakaitisha kikao na kuamua kufanya sherehe, yenye turubai, spika na mgeni rasmi. Mama wa hao dada wawili, ambaye kwa kawaida hatoki nyumbani bila sababu nzito, akaanza kutafuta visingizio vya kupita mbele za watu na kuulizwa habari za mwanawe.

Bi Ngazi alilisoma gazeti huku mtoto akinyonya. Alishangilia kwa sauti, mtoto akashtuka. Halafu akashuka kwa kidole mpaka chini ya ukurasa, na furaha ikaanza kumtoka taratibu. Shule ya kwanza ilikuwa ndogo. Ya mwisho nayo ilikuwa ndogo. Zile kubwa, zenye watoto tele, zilijazana katikati kama abiria wanaoogopa kukaa dirishani. Alijua maana yake. Pale penye watoto wachache wastani huyumba: wawili watatu wakiamka vizuri, shule inapaa, wakiamka na mafua, inazama. Lakini likizo ni likizo. Alilikunja gazeti, akamcheulisha mtoto, akanyamaza.

Siku aliyorudi kazini alikuta kazi ya kuandaa ripoti kamili inamsubiri yeye.

"Mkurugenzi," alisema, bado kashika mkoba, "shule ya kwanza ni ya dada yangu. Tumbo moja. Mpe mtu mwingine."

"Unadhani utampendelea?"

"Nadhani nitampokonya."

Mkurugenzi alicheka, kisha alipoona mwenzake hacheki akaacha. Wakakubaliana hivi: yeye afanye hesabu, na mwenzake wa meza ya jirani, kijana mkimya anayetafuna karanga kutwa, azirudie zote peke yake bila kuona majibu. Zikilingana, hakuna atakayepata la kusema.

Watu hudhani mtaalamu wa takwimu hukaa akipiga hesabu. Sehemu kubwa ya kazi ni kufagia. Msaili mmoja aliandika "Tatu A", mwingine "tatu a", mwingine "3A", na kompyuta, ambayo haina akili ya kuzaliwa, ikaamini ni madarasa matatu. Kuna mtoto aliyeonekana kusoma shule mbili zenye mto katikati yake. Kuna mwalimu aliyeandikwa kuwa na umri wa mwanafunzi, na mwanafunzi aliyeandikwa kuwa na watoto. Bi Ngazi alipiga simu, akauliza, akasahihisha, na kila asichoweza kukithibitisha akakiweka kando. Kisha akaijenga modeli yake, yaani mfumo wa hesabu kwenye kompyuta: tofauti za kusoma azigawe, ajue kiasi gani kinatokana na mtoto mwenyewe na nyumbani kwake, kiasi gani na darasa, kiasi gani na shule. Modeli ikagoma. Akaipunguzia mzigo, ikagoma tena. Akaiambia maneno ambayo hayaandikwi kwenye ripoti. Hatimaye, saa ya chakula cha mchana, wenzake wote wako nje, ikakubali.

Aliyaona mawili. La kwanza alilitarajia: shule ndogo zote zilivutwa kuelekea katikati, kwa sababu ushahidi wake ulikuwa mwembamba. Ile ya mwisho ikapanda, ikaziacha nyingine nyuma. Ya Dada ikashuka, ikakaa na kundi la shule nzuri za kawaida. La pili ndilo lililomfanya asogeze kiti mbele. Tofauti kati ya shule na shule ilikuwa ndogo kuliko magazeti yalivyodhani. Tofauti kubwa ilikuwa ndani ya shule hiyohiyo, kati ya darasa na darasa, milango inayotazamana.

Kijana wa karanga alimaliza siku iliyofuata. Majibu yalikuwa yaleyale.

Mkurugenzi alisoma, akasoma tena, akajipangusa paji la uso. "Namba magazetini nilizitoa mimi," alisema. "Kusahihisha nitasahihisha mimi, kwa jina langu." Na tumpe haki yake, alifanya hivyo. Aliagiza kila mwalimu mkuu atembelewe na kuelezwa kabla ripoti haijatoka. "Huyo wako," akamwambia Bi Ngazi, "mwendee wewe. Mimi nina shinikizo la damu."

Alimkuta Dada sebuleni, amesimama juu ya stuli, mshonaji anampimia gauni la sherehe. Pini zilikuwa zimemzunguka kiunoni, kwa hiyo hakuweza kukaa, kugeuka wala kukimbia. Bi Ngazi alikiri baadaye kwamba kidogo alifurahia hilo.

"Dada, kuna jambo la ripoti."

"Mmeongeza alama?"

"Hapana. Ni kwamba shule yako... haiwezi kusemwa ni ya kwanza."

"Nani kasema?"

"Mimi."

Mshonaji aliacha kuweka pini. Dada akamwangalia mdogo wake kutoka juu ya stuli. "Hebu rudia. Wale watoto walisoma au hawakusoma?"

"Walisoma. Tena vizuri."

"Wamedanganya?"

"Hapana, Dada."

"Sasa mimi nimeshushwa na nani? Na wewe? Umekaa ofisini kwenye kiti cha kuzunguka, unabofya, unaninyang'anya nafasi ambayo nimeitolea jasho?"

"Sijasema shule ni mbaya. Nimesema watoto waliopimwa kwako ni wachache, hatuwezi kujua kwa uhakika huo. Inaweza kuwa ya juu kabisa, inaweza kuwa ya kati. Wastani peke yake..."

"Toka."

"Dada..."

"Toka kabla sijashuka na hizi pini."

Akatoka. Kilichofuata kilikuwa kipindi kigumu kwa Mama kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Mabinti zake walikutana kwake kila Jumapili kama kawaida, wakakaa kochi moja, mmoja mwanzo mmoja mwisho, na hawakusemezana.

"Mama, mwambie binti yako anipitishie sukari," akasema Bi Ngazi.

"Mama, mwambie ipo karibu naye kuliko mimi, labda kwa hesabu zake anaona iko mbali."

"Mimi nimekuwa simu?" Mama akafoka. Akachukua sukari mwenyewe, akaiweka kwenye dirisha ambapo hakuna aliyeifikia. Kisha akamgeukia mdogo. "Na wewe, niambie kwa Kiswahili cha nyumbani. Mwanangu huyu ni mwalimu mzuri au si mzuri?"

"Ni mzuri, Mama. Mimi nimejua kusoma kwa nani?"

"Basi kwa nini umemshusha?"

"Sijamshusha. Waliompandisha walipima haraka. Ungenunua kitambaa kwa kuona ncha tu?"

Mama, aliyeuza vitambaa maisha yake yote, alisugua ncha ya kanga yake kwa vidole. "Ncha hudanganya," alisema mwishowe. "Nakikunjua kizima."

Dada, mwisho wa kochi, alijifanya anasoma kalenda ukutani. Lakini alikuwa amesikia.

Wiki hiyohiyo alitokea kwenye taasisi bila taarifa. Alipanda ghorofa zote tatu kwa miguu, viatu virefu mkononi, akafika mezani kwa mdogo wake akihema. Hakusalimia. Alivuta kiti, akasema, "Kunjua."

Bi Ngazi akamwonyesha mchoro. Kila shule ilikuwa nukta, na kila nukta ilikuwa na mstari unaoipita huku na huku, kuonyesha ukweli unaweza kuwa umejificha wapi. Shule kubwa zilikuwa na mistari mifupi. Ya Dada ilikuwa na mstari mrefu kama kamba ya kuanikia nguo.

"Hii yote ni mimi?"

"Hii yote ni kutokujua kwetu. Wewe upo humo ndani mahali fulani."

Dada alicheka kwa pua, bila kupenda. Kisha Bi Ngazi akamwonyesha ile picha ya pili, ya madarasa ndani ya shule, bila majina, mpangilio wa shule umechanganywa. Mkuu wa shule yule akaitazama kwa muda. Mwalimu wa miaka mingi haoni nukta tu, anaona milango.

"Kwa hiyo kuna darasa linalobeba shule."

"Kwenye shule nyingi, ndiyo."

"Kwangu ni lipi?"

"Siwezi kusema. Walimu tuliwaahidi siri."

"Mimi dada yako."

"Hata ungekuwa Mama."

Dada akavaa viatu vyake. Bi Ngazi alidhani ugomvi umeanza upya, lakini mlangoni mwenzake aligeuka. "Vizuri," alisema. "Nitatafuta kwa macho yangu."

Akaanza kukaa madarasani. Si kuchungulia dirishani kama alivyozoea, bali kukaa nyuma kabisa, kwenye dawati la mtoto, magoti yakigusa kidevu. Alianzia kwa mwalimu aliyemwamini kuliko wote, bibi mmoja nadhifu ambaye darasa lake lilikuwa kimya kama maktaba. Watoto waliitikia kwa pamoja, wimbo mmoja, kila sentensi. Ilipendeza. Dada akamwita mmoja amsomee peke yake sentensi ileile, na mtoto akaisoma vizuri akiwa anatazama dari. Akamfungulia ukurasa mwingine. Mtoto akanyamaza.

Mlango wa pili ulikuwa wa mwalimu kijana ambaye shule nzima ilimwita Mwalimu Soko, kwa sababu darasani kwake kulikuwa na kelele za soko. Shati nje ya suruali, chaki nywelani, vitabu sakafuni. Dada alikuwa tayari ameshapanga kumwondoa kwenye ufundishaji wa kusoma na kumpa michezo. Alipoingia, watoto hawakumwona hata kidogo. Walikuwa wamekaa wawili wawili, kila mmoja anamsomea mwenzake kitabu tofauti, wanabishana, wanarudishana nyuma. "Hujaisoma hiyo, umeiruka!" "Sijairuka!" "Rudia!" Mwalimu Soko alikuwa amepiga magoti katikati yao, anamsikiliza mtoto mmoja aliyesoma taratibu kwa kidole, na hakuna kingine duniani kilichomshughulisha.

Dada alikaa pale mpaka kengele ikalia. Alipotoka alikwenda ofisini, akafunga mlango, akampigia simu mdogo wake.

"Usiniambie kama nimepatia," alisema. "Najua hutaniambia. Lakini nimelipata darasa lenyewe, na nilikuwa karibu kulivunja."

Upande wa pili Bi Ngazi alikuwa analia kidogo, na kijana wa karanga akamsogezea pakiti bila kuuliza.

Sherehe haikuahirishwa, turubai lilikuwa limeshalipiwa. Ripoti ilikuwa imetoka, Mkurugenzi alikuwa ameomba radhi redioni, na wazazi walikuja wakiwa hawajui washangilie au watoe pole. Dada alisimama mbele ya spika, gauni limekaa barabara. "Gazeti lilisema sisi ni wa kwanza," alisema. "Si kweli, au tuseme haijulikani. Mdogo wangu yule pale, mwenye mtoto mgongoni, ndiye aliyenipokonya. Msimpige, nilishamtishia pini." Watu wakacheka, wakatulia. "Lakini nimegundua tuna mwalimu ambaye nilitaka kumpeleka uwanjani kwa sababu ya kelele zake. Nimemwomba radhi mbele ya wenzake. Kuanzia muhula ujao kila mwalimu atakwenda kukaa darasani kwa huyo ajifunze, na mimi wa kwanza." Mwalimu Soko aliinama kama aliyeitwa na polisi. Watoto wake wakapiga kelele mpaka mgeni rasmi akaziba sikio.

Haikuwa rahisi kama hotuba. Yule bibi nadhifu alinuna muhula mzima, akasema hakusomea kuendesha soko. Mwalimu mwingine aliiga kelele akasahau kusoma. Dada mwenyewe, aliyezoea kimya, alikuwa anameza dawa ya kichwa kila mchana. Lakini aliendelea kukaa kwenye yale madawati madogo, na taratibu milango ya shule ile ikaanza kufanana kwa ndani. Bibi nadhifu naye akapata njia yake: wawili wawili, ila kwa kunong'ona.

Taasisi iliacha kuzipanga shule kwa nafasi. Sasa hutoa makundi, na kila kundi lina maelezo ya yale tusiyoyajua, ambayo waandishi wa habari huyalalamikia kila mara. Bi Ngazi hupelekwa mikoani kufundisha watafiti chipukizi jinsi ya kugawa tofauti ngazi kwa ngazi, na kijana wa karanga ndiye msaidizi wake.

Utafiti uliporudiwa baada ya miaka kadhaa, shule ya Dada haikuwa juu kabisa. Ilikuwa kundi la pili, na hesabu hizo zilifanywa na kijana wa karanga, Bi Ngazi akiwa safarini. Alipiga simu usiku uleule kumpa pole dada yake.

"Pole ya nini?" Dada akauliza. "Wameniletea mchoro wa shule yangu, bila majina ya walimu. Umeona madarasa yangu?"

"Bado."

"Yamekaribiana! Yote! Hakuna mtoto niliyemwacha nyuma ya mlango." Sauti yake ilikuwa juu kuliko siku ile ya gazeti. "Na ule mstari wetu bado ni mrefu. Waambie wenzako mwaka kesho waje wapime watoto wengi zaidi, chai nitawapikia mwenyewe."

"Nitawaambia."

"Halafu Jumapili uje mapema. Mama anakunjua vitambaa, anataka mikono ya kushika ncha."